Mswada wa Mwenzio: Ufisadi wa Kitaaluma na Kazi ya Mhakiki

Katika makala haya nakusudia kulijadili jambo ambalo sisi tunaofundisha lugha na fasihi katika vyuo vikuu twalijua vyema, na twalizungumza sana wakati wa chai, lakini ni nadra kuliandika: ufisadi wa kitaaluma. Wenzetu wa sheria na wa elimujamii wameliandikia mengi, nami sitashindana nao katika takwimu wala katika vifungu. Nitakalojaribu ni kulitazama jambo hili kwa vyombo vya kazi yetu wenyewe, yaani maneno, hadithi na usomaji wa makini. Nitadai kwamba vyombo hivyo, ambavyo wengi huviona kuwa pambo tu la mjadala, vina nguvu ya kuudhibiti ufisadi huo kuliko mashine ambazo sasa tumezikabidhi kazi hiyo. Na kwamba idara za Kiswahili, kwa sababu nitakazozieleza, zina haja kubwa zaidi ya kulikubali jambo hili kuliko idara nyinginezo.

Tuanze na maneno. Mtu wa pwani wa kizazi cha babu zetu aliposikia kwamba fulani ni fisadi hakufikiria kwanza fedha za umma. Alimfikiria mtu aharibuye wake na mabinti wa watu, na kamusi za zamani zinalithibitisha hilo. Maana ya kufuja mali ya umma ilikuja kushika nafasi ya mbele baadaye, hususan katika Kenya, ambako magazeti na wanasiasa walihitaji neno zito kuliko rushwa. Neno 'hongo' nalo lina historia yake. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ada ambayo wenye misafara waliwatolea watawala wa bara ili waruhusiwe kupita katika nchi zao. Ilitolewa hadharani, ikabishaniwa hadharani, na hapakuwa na aibu ndani yake ila kwa aliyetoza kupita kiasi.

Nayataja haya si kwa kupenda asili za maneno tu. Mwanafunzi wa leo ambaye alama zake 'zimepotea', akaambiwa aende ofisi hii kisha ile, hata mwishowe akaelewa kwamba zitapatikana akitoa kitu, huyo anatozwa hongo kwa maana yake ya kwanza kabisa: anataka kupita. Na mwanafunzi wa kike anayedokezewa na mhadhiri kwamba alama zake zitategemea ukarimu wake mwenyewe, huyo anakutana na fisadi wa maana zote mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na ya sasa, ndani ya mtu mmoja aliyevaa joho. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo neno lake moja linauelezea uovu huu kwa ukamilifu hivyo. Tanzania ina istilahi inayokubalika hadi mahakamani, 'rushwa ya ngono', na sheria yake ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi kuwa ni rushwa. Kwetu Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayemtaka mtu kingono bila ya ridhaa yake, lakini inaweka sharti kwamba afanye hivyo kwa kurudiarudia. Wenzangu wa isimu wanajua uzito wa kielezi. Kwa kielezi hicho kimoja, mhadhiri anayesema neno lake mara moja tu, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, wiki moja kabla ya matokeo kutangazwa, anaweza kupata mahali pa kujificha. Mwanafunzi hahitaji kuambiwa mara ya pili ili aelewe.

Upande wa wanafunzi wenyewe msamiati ni mwingi na wa kuchekesha. Kijikaratasi cha kuibia mtihani huitwa 'mwakenya' nchini kote, kwa jina la lile vuguvugu la siri ambalo wengi walikamatwa na kufungwa kwa kuhusishwa nalo kuanzia mwaka 1986, wahadhiri na wanafunzi wakiwamo. Karatasi ndogo, zilizofichwa, zinazopitishwa kwa woga mkono kwa mkono: mfanano huo ulitosha. Mtu akitafakari, ni mabadiliko ya maana yenye kusikitisha. Jina la jambo ambalo watu walilipia kwa kuteswa limekuwa jina la muhtasari wa sura ya tatu ulioandikwa kwa kalamu nyembamba na kutiwa ndani ya soksi. Tanzania wana 'desa' na 'kudesa', na wana 'kupiga chabo' kwa yule anayechungulia karatasi ya jirani. Maneno yote haya ni mepesi, yana mzaha, na hayamhukumu mtu. Lakini tukiuliza lugha hiyo hiyo ya vijana inamwitaje mhadhiri anayetia jina lake juu ya makala ya mwanafunzi wake, au anayesahihisha karatasi 200 kwa usiku mmoja bila ya kuzisoma, hatupati neno. Makosa ya mdogo yana majina kumi; makosa ya mkubwa yanaelezwa kwa sentensi nzima, tena kwa sauti ya chini.

Fasihi yetu haikulinyamazia jambo hili. Mfano bora ninaoufahamu ni riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012. Wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya uongozi mbaya na unyang'anyi wa ardhi, wakimkazia macho Mtemi Nasaba Bora. Nami sipingi usomaji huo, ila naona umemweka pembeni ndugu yake, Mwalimu Majisifu, ambaye kwa msomaji wa chuo kikuu ndiye mhusika wa kutisha zaidi. Majisifu ni mwandishi mwenye sifa, na sifa yake inatokana na kitabu ambacho hakukiandika. Mswada ulikuwa wa kijana Amani. Ulipelekwa kwa mchapishaji, ukakataliwa kwa madai kwamba haukufikia kiwango, kisha ukatoka ukiwa kitabu chenye jina la Majisifu. Tuutazame vyema muundo wa wizi huo. Majisifu hakuvunja mlango. Mswada ulimfikia kwa sababu alikuwa katika nafasi ya kuaminiwa, nafasi ya kusoma na kuamua. Na hukumu ileile iliyomnyima Amani jina ndiyo iliyompa Majisifu jina. Kila mmoja wetu ambaye amewahi kutumiwa makala na mhariri ili ayatathmini amekalia kiti hicho.

Walibora aliona jambo jingine pia, nalo ni kwamba mwizi wa maandishi huharibika yeye mwenyewe akiwa mwandishi. Majisifu ni mlevi, tena mwenye kusema sana, na jina lake linatangaza hali yake. Hapa, hata hivyo, nina shaka na riwaya. Walibora analitatua tatizo kwa ungamo: Majisifu anakiri, mwenye mali anajulikana, na moyo wa mkosaji unapata afueni. Ni utatuzi wa kimaadili unaoridhisha msomaji, na kwa kitabu kilichosomwa na watahiniwa wa kidato cha nne kwa miaka kadhaa, labda haikuwezekana kuwa vingine. Lakini utatuzi huo unatufanya tuamini kwamba ufisadi wa kitaaluma ni ugonjwa wa dhamiri ya mtu mmoja mmoja, na kwamba wezi wakitubu mambo yatakaa sawa. (Sishangai nikisikia kwamba wapo watahiniwa walioingia katika chumba cha mtihani na mwakenya wenye maelezo juu ya dhamira ya wizi wa mswada.)

Hali ya sasa haimfuati Majisifu. Kwa zaidi ya miaka 10 imejulikana duniani kwamba vijana wengi wa Kenya, wengi wao wakiwa wahitimu wa vyuo vyetu, hujipatia riziki kwa kuwaandikia insha na hata tasnifu wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwingineko. Gazeti la New York Times liliandika habari zao mwaka 2019, na mwaka 2024 ikatoka filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars juu yao. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 iliyofanya kuwa kosa la jinai, katika vyuo vya England, kumwandikia mwanafunzi kazi kwa malipo au kuitangaza huduma hiyo. Sheria hiyo inamlenga mwuzaji, wala haimgusi mnunuzi. Tazama basi jinsi mpango wa riwaya ulivyopinduliwa. Amani wa leo hakuibiwa mswada wake; ameuuza mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu shahada yake haikumpatia kazi na kalamu yake inamlisha. Majisifu wa leo haungami, kwa kuwa amelipa na ana stakabadhi. Na kijana yule ambaye sisi tulimfundisha kupanga hoja na kunukuu kwa usahihi anatumia ufundi huo kumfanya mtu mwingine aonekane ameelimika. Tukimhukumu kwa maneno ya Walibora tutamwita mwizi, ilhali yeye ndiye mtu pekee katika biashara hiyo ambaye kweli aliisoma mada na kuiandika.

Nimefika mahali ambapo inanilazimu kujisema mwenyewe, maana haifai kumjadili Majisifu kama kwamba yeye ni wa riwayani tu.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mtahini wa nje wa tasnifu moja ya uzamifu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, juu ya nyimbo za kazi za wanawake katika kaunti moja ya pwani. Nililetewa nakala wakati nilipokuwa na karatasi nyingi za kusahihisha. Niliisoma kwa siku nne. Kiswahili chake kilikuwa safi kwa kadiri ya kupendeza, nadharia ilielezwa kwa mpangilio, marejeleo yalikuwa mengi. Programu ya kupima mfanano ilikuwa imetoa asilimia ndogo sana, na ripoti yake iliambatishwa kwa fahari. Niliisifu na kuipitisha. Baada ya miaka mitatu hivi, nikitafuta jambo jingine kabisa katika hazina ya tasnifu za nchi moja ya Afrika Magharibi, nilikutana na kazi ya Kiingereza ambayo niliifahamu bila ya kuwahi kuisoma. Sura ya pili ilikuwa ileile. Sura ya nne ilikuwa ileile, aya kwa aya, isipokuwa majina ya vijiji na ya waimbaji. Nikatoa nakala yangu ya zamani kabatini. Katika ukurasa mmoja mtafiti alisema kwamba wanawake huimba wimbo fulani wanapovunja maganda ya kokoa. Pembeni palikuwa na mwandiko wangu kwa penseli: 'kakao'. Nilikuwa nimesahihisha tahajia. Sikujiuliza kakao hiyo ililimwa wapi katika pwani ya Kenya.

Niliiandikia idara husika. Nilijibiwa, kwa heshima zote, kwamba tasnifu ilitahiniwa kwa mujibu wa kanuni, kwamba ripoti ya programu ilikuwa safi, na kwamba saini ya mtahini wa nje ilikuwa yangu. Yote matatu yalikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba udhibiti ni kazi ya mashine. Programu hizi hulinganisha maandishi na hazina ya maandishi iliyo nayo. Hazina hiyo ni kubwa mno kwa Kiingereza na ni ndogo sana kwa Kiswahili, na ndogo zaidi kwa lugha zetu nyingine. Kwa hiyo kazi iliyoibwa kutoka Kiingereza na kutafsiriwa hupita kama maji katika tenga, na kadiri tafsiri ilivyo nzuri ndivyo asilimia inavyopungua. Tumeanzisha mfumo unaomtuza mwizi mwenye bidii. Tena, vyuo vingi vimeweka kikomo cha asilimia, na kikomo hicho kimegeuka kuwa tafsiri ya uaminifu: mwanafunzi hakuulizwi ameandika nini, huulizwa amepata ngapi. Mwenye kunukuu sana kwa haki, kwa mfano mhakiki wa ushairi anayelazimika kuleta beti nyingi, hupata asilimia ya kutia mashaka. Mwenye kuiba kwa tafsiri hupata sifuri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022 hali hii imezidi, kwa kuwa sasa kuna programu za kuandika zenyewe, na Kiswahili chao kinaendelea kuwa bora. Programu za kuwagundua wanaozitumia si za kutegemewa pia. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu za aina hiyo ziliwatuhumu kwa wingi watu walioandika kwa Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza. Msomaji anaweza kukisia nani watakuwa wa kwanza kutuhumiwa kwetu.

Je, msomaji wa kibinadamu anaweza kuona lisiloonekana na mashine? Naamini anaweza, naye zaidi akiwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu tafsiri huacha nyayo. Nimepata kuona istilahi moja ya Kiingereza ikiitwa 'diskosi' katika sura ya kwanza, 'kilongo' katika ya pili na 'usemi' katika ya nne, bila ya mwandishi kueleza kwamba anabadilisha. Mtu anayefikiri kwa dhana moja hafanyi hivyo, hufanya hivyo yule aliyefasiri vipande mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, au aliyefasiriwa na watu mbalimbali. Nimeona majukumu 'yanayochezwa', na sentensi ambazo kirejeshi chake kinatafuta nomino iliyobaki katika lugha nyingine. Nimeona mifano ambayo haina hali ya hewa ya mahali panapotajwa. Kakao yangu ilikuwa mfano wa namna hiyo.

Hapa inafaa nijizuie, na niwazuie wenzangu wenye hamasa. Nyayo si mwizi. Wanafunzi wetu husoma nadharia karibu zote kwa Kiingereza, walifundishwa hisabati, sayansi na historia kwa Kiingereza, na wengi huota ndoto zao kwa mchanganyiko wa lugha tatu. Kiswahili chenye umbo la Kiingereza kinaweza kuwa ushahidi wa wizi, na kinaweza kuwa ushahidi wa mfumo wa elimu uliomlea mwandishi. Mhakiki akiona nyayo ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kuhukumu. Na mahali pa kuuliza pamekuwapo siku zote, ila tumepaacha pakawa pa sherehe. Nazungumzia utetezi wa tasnifu.

Utetezi katika idara nyingi nilizozijua una sura ya harusi. Mtahiniwa anavaa vizuri, ndugu wanangoja nje na soda na keki, mwenyekiti anatazama saa. Maswali huwa juu ya mpangilio wa marejeleo na nambari za kurasa. Hakuna anayemwambia mtahiniwa: tuimbie wimbo ule wa ukurasa wa 140, utueleze aliyekuimbia alikuwa ameketi wapi. Mtu aliyekwenda nyanjani atalijibu swali hilo kwa furaha, pengine kwa urefu wa kuchosha, aliyefasiri hataweza. Swali moja la aina hiyo lina thamani kuliko ripoti nzima ya asilimia, wala halimdhalilishi mtu mwaminifu. Ningependa kanuni itungwe kwamba tasnifu yoyote yenye data ya nyanjani isitahiniwe bila ya watahini kuletewa rekodi na daftari za nyanjani pamoja na nakala, na kwamba utetezi wa kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili ufanywe kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hili la pili laweza kuonekana dogo. Lakini nimekaa katika tetezi ambazo mtahiniwa, akibanwa, alikimbilia Kiingereza, na maelezo yake yakawa mepesi ghafla. Nadhani sasa kwamba hakuwa akiikimbia lugha, alikuwa akirudi kwenye matini ya asili.

Jambo la pili ni uwazi. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alipoteza shahada yake ya uzamifu na kisha wadhifa wake. Tasnifu yake ilikuwa imepewa daraja la juu kabisa na chuo kikuu cha Bayreuth. Waliofichua kwamba ilikuwa imejaa maandishi ya wengine walikuwa kwanza msomaji mmoja aliyeihakiki, kisha watu wa kawaida waliogawana kurasa na kuzilinganisha kwa pamoja katika mtandao wa intaneti. Kazi iliyowapita watahini ilifichuliwa na wasomaji kwa muda wa siku chache. Nami niliipata ile tasnifu ya kakao kwa sababu chuo cha Afrika Magharibi kilikuwa kimeweka kazi zake wazi. Baadhi ya vyuo vyetu vimefanya hivyo pia, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini tasnifu za Kiswahili zimetawanyika katika hazina mbalimbali za Kenya, Tanzania na Uganda, nyingine zingali za karatasi tu katika rafu zenye vumbi, na hakuna mahali pamoja ambapo mtahini anaweza kuzitafuta zote. Hazina moja ya pamoja ya idara za Kiswahili za Afrika ya Mashariki isingegharimu nyingi, na ingelisaidia pia somo letu kwa njia nyingine, maana twaandika mara kwa mara juu ya mada zilezile bila ya kujuana.

Siwezi kuyasema haya nikanyamaza kuhusu kinachowasukuma watu. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 ulitaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu na ukatoa muda wa miaka mitano. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake yakawa msongamano: walimu wa makamo wakikimbilia uzamifu huku wakifundisha madarasa makubwa, wasimamizi wakiwa wachache, na majarida ya kulipia yakichipuka ili kuwauzia watu machapisho. Juni mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, Tume ikaagiza uchunguzi, na nchi nzima ikashtuka. Mimi nilishangaa kwamba walishtuka. Mtu hawezi kudai mavuno ya haraka kutoka katika shamba ambalo halikuongezewa wakulima, kisha akauliza mahindi yalitoka wapi. Kusoma kwa makini kunahitaji muda, na muda ni fedha za vyuo. Mtahini anayepewa tasnifu ya kurasa 350 na wiki mbili, kwa malipo yatakayokuja baada ya mwaka, atasahihisha tahajia. Kanuni itakayopunguza idadi ya wanafunzi kwa msimamizi mmoja, ikifuatwa kweli, itazuia wizi mwingi kuliko programu yoyote tutakayoinunua.

Niseme pia kwamba hatuhitaji kuagiza maadili ya kunukuu kutoka ng'ambo, kana kwamba Waswahili hawakujua mali ya maneno. Washairi wa kale walikuwa na takhmisi. Mshairi alichukua mishororo miwili ya mwenziwe na kuitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Takhmisi ya Liyongo, ambayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliijenga juu ya beti zinazonasibishwa na Liyongo, ni mfano mashuhuri. Msomaji anajua wapi anaishia mmoja na wapi anaanza mwingine, kwa kuwa umbo lenyewe linauonyesha mpaka. Na sifa ya mtunzi wa pili inatokana na kuuonyesha mpaka huo, wala si kuuficha. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kanuni za kunukuu kwa kuanzia na takhmisi, kabla ya kuwapa mitindo ya Wazungu ya mabano na miaka. Wanaielewa haraka. Swali ambalo huulizwa kila mwaka, na ambalo sijapata jibu lake zuri, ni nani mwenye mishororo yote mitano iwapo wa pili amemlipa wa kwanza aondoke.

Nakala yangu ya tasnifu ile ningali nayo. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili ukurasa wenye penseli, nikiwa nimefunika jina la mwandishi na la chuo. Wao hucheka wakifika kwenye neno kakao. Kisha mmoja huuliza kama mtahini aliyeandika pembeni alichukuliwa hatua gani.